Tundu la Sita

Asubuhi ile duka la bunduki la Orval Tackett lilinuka baruti iliyoungua, na mle ndani hakuna aliyewahi kufyatua kitu. Alifungua madirisha, akawasha feni. Harufu ikabaki palepale, kama ya yai viza.

Ndipo akaingia Leota, mjane wa Weldon Sumrall. Weldon alikuwa rafiki wa Orval wa kufa na kuzikana, na kweli Orval alimzika. Mwaka jana, uwanjani kwa klabu yao ya shabaha, bastola ya kizamani ya Weldon ilimponyoka, ikajifyatua, ikamuua. Silinda ya bastola zile ina matundu sita ya risasi, na hapa Missouri hata mlevi anajua unajaza matano tu. Lile lililo chini ya nyundo unaliacha tupu, ili bastola ikianguka isijifyatue. La Weldon lilikutwa limejazwa. Orval aliapa kwamba marehemu alijaza mwenyewe. Klabu ikafuta jina la Weldon kwenye ukuta wa mabingwa wake, na Leota, kwa hasira, akasema mbele ya jeneza kwamba mumewe kajiua kwa uzembe. Watoto wakasikia.

Sasa Leota alitaka bastola ya aina ile ashindane nayo, ili jina la Sumrall lirudi ukutani.

Orval alipanga tatu mpya kwenye kaunta, zote tupu. Alimwambia asichague kwa macho, achague kwa mkono: atazame shabaha, afumbe macho, ainue, afumbue. Itakayoelekea alipotazama, hiyo ndiyo yake.

Leota alitazama kichwa cha kulungu ukutani. Ya kwanza ilikuwa nzito mbele. Alipofumbua, mtutu ulikuwa umeelekea kifuani kwa Orval.

“Shemeji, kulungu yuko kule,” Orval alisema. “Mimi sina pembe.”

Wakacheka. Ya pili ilikuwa fupi, nyepesi, na ikamkuta Orval japo alikuwa ameshasogea dirishani. Ya tatu ilitulia kiganjani kana kwamba inamjua, ikapanda bila yeye kuhisi uzito, na alipofumbua macho ilikuwa imemfuata Orval hadi nyuma ya jiko la kuotea moto alikokuwa amechutama, na harufu ya baruti ikawajaa kooni, na silinda ikaanza kujizungusha yenyewe, tundu moja, la pili, la tatu, hadi ikasimama kwenye la sita.

“Ishushe,” Orval alinong'ona.

“Siyo mimi ninayeishika.”

“Nilimjazia mimi, Leota. Nilikuwa napiga soga, nikajaza yote sita.”

“Na ukaapa.”

“Yeye alishakufa. Mimi nilikuwa na duka.”

Mkono ukalegea. Leota alilia kwa uchungu na kwa furaha, maana Weldon hakuwa mzembe. Alimwambia Orval wataongozana klabuni leo hii, akayaseme hayo mbele ya watu, na Orval akakubali, akiwa bado sakafuni.

Lakini harufu haikuondoka. Leota akataka kujua kama mumewe ametulia. Alimtazama kulungu, akafumba macho, akainua.

Alipofumbua, Orval alikuwa kulia kwake, na mtutu ulikuwa umegeukia kushoto, kwenye kioo ambacho wateja hujitazamia mikanda ya bastola. Ulilenga katikati ya kifua cha mwanamke aliyekuwamo.

“Weldon,” alisema taratibu, “nitawaambia watoto.”

Silinda ikazunguka tundu moja, ikaliacha lile la sita.