Barua za Baba Mdogo

Kila asubuhi mlango wa jikoni ulilia. Ulilia ukifunguliwa, ukalia tena ukifungwa, na kwa kuwa nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vitatu tu, hakuna aliyeweza kujifanya hakuusikia. Baba alikuwa amenunua mafuta ya bawaba mara mbili. Mara zote mbili Bibi alimpokonya kichupa akakificha.

"Uacheni mlango wangu," alisema. "Haujamwomba mtu dawa."

Injinia alicheka, akafunga kamba za viatu, akaenda shule. Injinia lilikuwa jina la utani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na tangu siku alipoifufua redio ya jirani kwa kusugua kutu kwenye betri, mtaa mzima ulimwita hivyo. Jina hilo, tusifiche, lilikuwa limemvimbisha kichwa kidogo.

Mwaka huo Bibi alianza kudhoofika. Macho yaliingia ukungu, miguu ikakataa kumbeba. Alasiri moja, Injinia alipokuwa akimkanda miguu, Bibi alimshika mkono.

"Mjukuu wangu, wewe si unajua mambo ya kompyuta? Nitafutie barua za baba yako mdogo. Nataka kuzisikia tena kabla sijaondoka."

Baba mdogo alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Alikwenda ng'ambo kufanya kazi katika kiwanda cha vioo, akaandika barua kwa miaka sita, kisha akaugua, akafa na kuzikwa hukohuko. Injinia hakuwahi kumwona. Barua zake zilipitia kwenye intaneti, enzi hizo intaneti ikiwa ngeni na ya ajabu, na zilisomwa dukani kwa Shangazi.

"Ondoa shaka, Bibi," alisema Injinia akijipiga kifua. "Intaneti haisahau kitu. Wiki hii hii utazisikia."

Kesho yake alikwenda dukani. Siku hizi Shangazi anatoa fotokopi na kupiga picha za vitambulisho, lakini juu ya mlango, chini ya rangi mpya, maandishi ya zamani bado yanasomeka: HAPA HAKUNA ALIYE MBALI.

"Niliyaandika kwa mkono wangu," alisema Shangazi. "Nilikuwa na kompyuta nne na laini moja ya simu. Ikianza kuunganisha, inapiga kelele kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio! Watu walivaa nguo zao nzuri kuja kusoma barua. Tuliambiwa umbali umekwisha, ujinga umekwisha, kila mtoto atakuwa na maktaba yake. Nami nikawaambia wengine. Wapo waliosoma, siwezi kukana. Wengi walikuja kucheza karata na kompyuta."

"Na barua za baba mdogo?"

Uso wa Shangazi ukamshuka. "Hazipo, mwanangu."

Zilikuwa zimewekwa katika sanduku la barua la bure, la kampuni fulani ya mbali. Shangazi hakuchapisha hata moja. Karatasi za nini, alimwambia mama yake, zitaliwa na mende. Kompyuta ndiyo itakayotunza. Barua ikifika, Bibi aliketi kwenye stuli, naye Shangazi akamsomea kwa sauti kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Baada ya msiba, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifungua sanduku lile. Miaka ikapita, kampuni ikauzwa, na masanduku yaliyolala yakafutwa yote.

"Hawakutoa taarifa?"

"Walitoa. Waliituma ndani ya sanduku lilelile."

Injinia hakukubali. Alitafuta siku nne mfululizo. Aliiandikia kampuni mpya, akajibiwa papo hapo na mashine iliyomshukuru kwa kuandika. Hakuna mtu aliyejibu. Na kila akirudi nyumbani, Bibi aliinua kichwa kutoka kwenye mto na kuuliza, "Umezipata?"

Siku ya tano alishindwa kuvumilia. Aliketi na simu ya Baba, akaitunga barua mwenyewe. Mama mpenzi, hapa kuna baridi, kazi ni nzuri, nawakumbuka nyote. Kisha akaenda kumsomea Bibi.

Bibi alisikiliza, amefumba macho. "Imeishia hapo?"

"Imeishia hapo, Bibi."

"Haya. Ahsante." Akageukia ukutani, na siku hiyo hakula.

Injinia alikimbia dukani akamweleza Shangazi yote. Shangazi aliweka chini karatasi alizoshika.

"Hukuuliza habari za mlango?"

"Mlango gani?"

"Wa jikoni. Kila barua yake iliishia hapo: Mama, mlango wa jikoni bado unalia? Akiwa mdogo, akichelewa kurudi kutoka kucheza, ndio uliokuwa ukimsemea kwa mama. Unadhani kwa nini mama hataki utiwe mafuta?"

Walirudi nyumbani pamoja. Injinia alipiga magoti kando ya kitanda. "Bibi, nisamehe. Ile barua niliitunga mimi. Za kweli zimefutwa."

Bibi aligeuka kutoka ukutani. Kisha akashusha pumzi, machozi yakamtiririka.

"Kumbe! Mimi nilidhani mwanangu aliusahau mlango."

Injinia alilia kwa kwikwi. Maneno yale yalimuuma kuliko fimbo yoyote.

"Msinililie, sijafa bado," Bibi alisema hatimaye. "Leteni daftari. Nilizisikia kwa masikio yangu, hatutakosa cha kuandika."

Kuanzia siku hiyo, kila alasiri Bibi alikumbuka, Shangazi akakumbuka, wakabishana, na Injinia akaandika kwa kalamu. Kati ya barua nyingi, walipata tatu zilizokamilika na vipande vya nyingine. Zilizobaki zilikuwa zimekwenda na mwenyewe.

"Mimi niliahidi nikiamini," Shangazi alimwambia Injinia. "Wewe uliahidi kwa majivuno, kisha ukaficha aibu kwa uongo. Kosa la kwanza tunalo sote: tulimwahidi mtu kitu kilicho mikononi mwa wengine. Ukisikia chombo kinasifiwa, uliza ni cha nani, na atafanya nini siku akikichoka. Unachokipenda kitunze mwenyewe. Na ukishindwa, sema umeshindwa."

Siku walipofika ukurasa wa mwisho, Bibi alisema, "Ile barua yake ya mwisho hatukuijibu. Kabla hatujaandika, habari za msiba zilifika. Sasa andika jibu."

"Niandike nini, Bibi?"

"Kwanza nenda kahakikishe."

Injinia alikwenda jikoni, akaufungua mlango polepole hadi mwisho, akaufunga. Kisha akarudi, akachukua kalamu, akaandika: Bado unalia.