Vumbi la Fedha Kwenye Sufuria

Mume wangu ni sonara. Hutengeneza pete na mikufu ya fedha. Kila jioni hufagia meza yake kwa brashi, na vumbi la fedha hulitia koponi. Sonara hatupi hata chembe.

Jioni moja nilimkuta jikoni. Sufuria ya majani ilikuwa inachemka, naye anamimina humo lile vumbi.

"Baba watoto, unapika nini?"

"Dawa ya ini. Si mdogo wako alisema mwenyewe? Majani na fedha vinaua saratani."

 Daktari alikuwa amegundua saratani kwenye ini la mume wangu. Uvimbe ulikuwa bado mdogo, akataka kuukata wiki ile ile. Lakini yeye, anayecheza na moto kutwa, aliogopa kisu.

Nilizima jiko, nikampigia simu mdogo wangu. Yeye ni mtafiti wa maabara.

"Asinywe hata kijiko!" alisema. "Kesho mlete huku."

Kesho yake, maabarani, alituonyesha chupa ya maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya fedha, yaani fedha iliyotengenezwa iyeyuke majini. Yalikuwa maangavu kama ya kunywa. Akaongeza maji ya majani.

"Tulieni, mtazame."

Tukatazama. Maji yakaanza kuwa ya manjano. Taratibu yakageuka rangi ya chai. 

"Fedha iko wapi?" mume wangu akauliza.

"Hiyo rangi ndiyo fedha, shemeji. Majani yameigeuza kuwa chembe ndogo mno. Panga chembe elfu moja kwa mstari, hazifikii unene wa unywele wako."

Mume wangu aliinama, pua karibu iguse chupa.

"Miaka yote naiyeyusha, naigonga, naivuta iwe uzi," alinong'ona. "Kumbe sikuijua!"

"Na kweli zinaua saratani?" nikauliza.

"Katika vyombo vya maabara, baadhi zimeua seli za saratani ya ini. Nyingine zinajaribiwa kwa panya. Kwa binadamu bado haijathibitishwa kama zinaponya, wala kama ni salama. Na vumbi lako, shemeji, si chembe hizi. Ukililinganisha nazo, hilo ni mawe matupu! Ini ndilo linalochuja sumu mwilini. Lako ni gonjwa. Ukilibebesha majani usiyoyajua na madini, utalimaliza."

"Ningekunywa kwanza, nikaona hali..."

"Uvimbe haungoji uone hali. Leo unakatika. Ukichelewa, huenda usikatike tena."

 Mume wangu aliitazama tena ile chupa, kisha akanitazama mimi.

"Haya, nipelekeni kwa mwenye kisu," akasema. "Ila mwambieni mimi si bati."

Alipasuliwa, uvimbe wote ukatoka. Daktari alieleza kwamba chanzo kilikuwa virusi vya homa ya ini. Mimi na watoto tulipimwa, hatukuwa navyo, tukachanjwa. Yeye bado huenda kupimwa kila anapoitwa, na hakosi. Mdogo wangu naye anaendelea na chupa zake, na sisi tunamwombea afanikiwe.

Aliporudi kazini, mume wangu alikwangua fedha iliyobaki chini ya sufuria. Akaisafisha, akaiyeyusha, akanitengenezea hereni. Wateja wakiziona masikioni mwangu wakauliza bei, huwajibu:

"Hizo haziuzwi. Nusura nizinywe."