Mama Kitana Alivyompigia Debe Adui Yake

Enyi wenzangu, wenye masikio ya umbea na wenye masikio ya mawaidha, sogeeni nyote, maana leo yote mawili yamo kwenye chungu kimoja. Nyumba nitakayowasimulia haikuwa ya walevi wala ya wezi. Ilikuwa nyumba ya heshima, yenye kicheko, na iliharibiwa na kitu kisichonuka mdomoni wala kuonekana machoni.

Asubuhi ya Jumamosi saluni ya Mama Kitana ilikuwa imejaa pomoni. Huyu kafumuliwa nusu kichwa, yule yuko chini ya mashine ya kukaushia nywele anaongea kwa kupayuka kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Redio, msusi mwenzake Mama Kitana, alikuwa anasimulia ndoa ya watu iliyovunjika kwa sababu ya kufuli. Jina hilo la Redio alipewa kwa haki, kwani hakuumbwa na kitufe cha kuzimia. Kibarazani fundi viatu aligonga visigino huku akidakia kila neno la ndani. Na upande wa pili wa barabara, juu ya ngazi, alikuwapo Rangi, mtoto wa pekee wa Mama Kitana, ambaye ni mjane, anaandika kibao cha duka la dawa. Kijana yule hakuwa na haja ya rula. Alifinya jicho moja, akapima kwa lile jingine, na herufi zikasimama wima kama askari kwenye gwaride. Kila Mama Kitana alipotupa macho dirishani akamwona, alitabasamu peke yake.

Ndipo fundi viatu akatupa jiwe kwenye maji yaliyotulia.

"Mmesikia? Kinanda anautaka urais!"

Kinanda alikuwa mbunge wao. Walimpa jina hilo kwa ajili ya sauti yake. Akisema, hata aliyekuja kumzomea hujikuta anatikisa kichwa kwa kukubali. Jana alikuwa kiongozi wa vijana, leo mbunge, na sasa watu wameanza kumtazama kama ngazi ya kupandia mbinguni.

"Agombee!" fundi viatu akajijibu mwenyewe. "Mwamba yule akipanda jukwaani hata kuku wanaacha kudonoa."

"Kuku hawapigi kura, baba," akasema muuguzi mstaafu, mama mmoja mwenye mvi aliyekuwa akipakwa dawa ya nywele. "Kusema si kutawala. Muhula mmoja wa ubunge hajaumaliza. Na sheria yetu mnaijua, ukigombea urais ubunge unauacha. Akianguka, kakosa huku na kakosa kule. Mwacheni aive kwanza."

"Ataiva lini, mama? Akishaoza?"

Saluni nzima ikacheka. Mmoja tu hakucheka. Kitana kilikuwa kimesimama katikati ya nywele za mteja, na mwenye kitana alikuwa mbali sana.

Hapo sina budi kuwarudisha nyuma, la sivyo hamtamwelewa mwanamke huyu.

Siku alipozikwa mama mzazi wa Mama Kitana, Kinanda alikuja na wapambe wake na kipaza sauti. Akaomba nafasi ya kutoa pole. Pole gani! Alianza na barabara, akaingia kwenye maji ya bomba, akawasema maadui zake wote bungeni, mmoja baada ya mwingine. Wachimba kaburi wakaegemea majembe. Jeneza likabaki juani. Na alipokumbuka kwamba yuko msibani, akamtaja marehemu kwa jina la mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyemsahihisha. Tena watu wakapiga makofi. Makofi, jamani, makaburini!

Mama Kitana alikuwa analia, akaacha. Machozi yale hayakukauka. Yaligeuka kitu kingine. Hakumwambia ndugu yake wala mwanawe. Alimeza kama mtu aliyemeza mfupa, na mbele ya watu akawa wa kwanza kumsifu Kinanda. Mwenye kisasi cha kweli, msomaji wangu, hamtukani mtu. Humkaribisha kiti.

Basi wiki hiyohiyo ya habari za urais mke wa Kinanda akaja kusuka. Alikuwa mwanamke mnyenyekevu, asiyetangaza yeye ni nani. Alipokwisha kuketi akamsemesha Mama Kitana sikioni.

"Dada, mwenzangu kanituma kwako. Hawaamini wapambe wake, maana wanamwambia anayotaka kusikia. Anasema ule mwaka wa ubunge wewe ndiye uliyetuambia ukweli wa mtaa, na ikawa hivyohivyo. Sasa anauliza, agombee au asubiri?"

Hebu fikirini. Mbunge mzima ameweka shingo yake mikononi mwa msusi, na msusi ndiye mwenye wembe.

Muuguzi mstaafu alikuwa kiti cha jirani, kichwa kimetoka kuoshwa bado kinachuruzika maji, akadakia, "Mwanangu, mwambie mumeo awe na subira, maana sisi wengi hapa..."

"Mama, nywele zako hizo zitaharibika!" Mama Kitana akamwahi. Akamsukuma chini ya mashine, akamshushia kofia yake mpaka masikioni na kuiwasha moto wa mwisho. Mashine ikanguruma. Midomo ya mama wa watu ikaendelea kucheza, lakini ushauri wake wote uliishia kwenye upepo wa moto.

Kisha Mama Kitana akainama kwa mteja wake, sauti imelainika kama samli. "Mdogo wangu, mwambie asithubutu kungoja. Chuma hufuliwa kingali moto. Mtaa mzima unalala na jina lake, unaamka na jina lake."

Uongo mtupu. Nusu ya mtaa ilikuwa inaogopa, na hakuna aliyejua hivyo kuliko yeye.

Mteja alipokwenda zake, Mama Kitana alimvuta Redio chumba cha nyuma, akaziba mdomo kwa taulo acheke. "Nimemlisha sumu kwa kijiko cha dhahabu! Urais hapati, ubunge unakwenda. Nitakaa kibarazani hapa nimtazame akipita kwa miguu, hana hata mtu wa kumbebea mwavuli. Na nitamwita kwa jina la mtu mwingine!"

"We mwanamke, una roho!" Redio akapiga paja. "Nilijua tu. Sifa zako zilikuwa zimezidi chumvi."

"Na ufunge mdomo."

"Mimi? Mimi kaburi."

Kisasi kina tabia hiyo. Ni kitamu, lakini mtu hashibi akila peke yake.

Jioni Rangi akarudi na madoa yake ya bluu vidoleni. "Mama, fundi viatu kaniambia umempa Kinanda baraka. Mimi nilikuwa na mashaka naye. Lakini wewe kwa kuwajua watu hujawahi kukosea. Kweli ndiye?"

Mlango ulikuwa wazi, na jirani alikuwa kaketi hapohapo anasubiri kuazima pasi. Neno moja tu lilihitajika: mwanangu, keti nikueleze. Mama Kitana alimtazama jirani, akakitazama kisasi chake kilichokuwa kinaiva vizuri, akasema, "Naam, baba. Ndiye."

Kijana akaamini. Na anayeamini kwa sababu ya mama yake haamini nusunusu. Aliacha vibao vya watu, akachora picha za Kinanda kuta zote za mtaa, akawa mbele kwenye kila maandamano na bendera begani. Mama mtu akaanza kukosa raha.

"Usijitie sana, baba. Siasa si ndugu yako."

"Mama, si wewe uliyesema ndiye? Au sasa siye?"

Naye akageuka kumpakulia chakula. Aliogopa kuitoa siri kuliko alivyoogopa hatari za barabarani. Akajipa moyo: uchaguzi u karibu, mwanangu atarudi kwenye brashi zake, na mimi nitakuwa nimemalizana na yule bwana.

Siku ya maandamano makubwa vijana wa Kinanda walikutana na vijana wa upande wa pili kwenye njia panda. Kinanda alikuwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Rangi alikuwa mbele ya gari. Lilikotoka jiwe hakuna ajuaye. Lilimpata jicho la kulia, na madaktari walifanya waliloweza, ambalo halikuwa jingi.

Matokeo yalipotangazwa, Mama Kitana alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali. Kinanda ameanguka vibaya, tena ubunge amekwisha kuupoteza. Muuguzi wa zamu akasikitika. Mama Kitana akangoja ile furaha aliyoiwekea akiba muda wote ule. Haikuja. Alihisi kama mtu aliyefungua sufuria la pilikapilika zake zote akakuta maji matupu.

Na sikilizeni lililofuata. Kabla Rangi hajatolewa bandeji, rais mpya alimwita Kinanda "ndugu yangu", wakakumbatiana kwenye televisheni, akampa uwaziri. Gari likawa refu kuliko lile la kwanza.

"Mungu wangu!" Redio akapasuka palepale wodini, mbele ya kitanda, machozi yanamtoka. "Yaani tulimsukuma makusudi aanguke, na yeye kaangukia godoro! Mtoto wetu ndiye kaangukia jiwe!"

Rangi akageuza kichwa polepole. "Mlimsukuma makusudi? Nani?"

Redio akajiziba mdomo. Kaburi lilikuwa limefunguka.

Mama Kitana akaeleza yote, kuanzia jeneza juani mpaka neno alilomnong'oneza mke wa mbunge. Alitarajia kijana apige kelele, na angeshukuru. Rangi alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule aliyezikwa alikuwa bibi yangu," akasema. "Mimi nilikuwapo. Nilisikia lile jina, likaniuma, nikadhani wewe umesamehe, nikasamehe kwa ajili yako. Mama, ungeniambia tu. Ningemchukia pamoja nawe, tukiwa tumeketi nyumbani."

Alipotoka hospitali alikwenda kukaa kwa mjomba wake. Bado anaandika vibao, ingawa sasa hutumia rula na mistari hupanda kidogo upande wa kulia. Kila asubuhi hupita mbele ya saluni. Humtania fundi viatu, humwita Redio shangazi. Kisha humgeukia mwenye saluni na kumwamkia kwa adabu zote, kama anavyomwamkia mtu mzima yeyote barabarani:

"Shikamoo, Mama Kitana."

Wala hasubiri marahaba.

FUNZO

Ndugu zangu, sikusema Kinanda hakukosa. Alikosa, na kosa la kumdhalilisha maiti ni kubwa. Lakini alistahili kuambiwa usoni, siku ileile, na mtaa mzima uliopiga makofi badala ya kumsahihisha. Sisi tuliopiga makofi tuna sehemu yetu katika jicho la yule kijana.

Mtu akiuliza kama fulani anafaa kutuongoza, mjibuni kwa yale mnayoyajua juu ya kazi yake. Msimpandishe kwa chuki wala msimshushe kwa chuki. Anayependekeza rais ili amkomoe mtu mmoja ameitumia nchi nzima kama fimbo, na fimbo hiyo haichagui mgongo.

Na nyinyi wazazi, hasira zenu waambieni watoto wenu. Msiposema, watawafuata kwenye yale mnayojifanya kuyapenda. Wakubwa wakigombana huwa na mahali pa kupatania. Mwanao hana ila kwako.