Jina Kwenye Kifuniko

Haya ninayosimulia yalimpata jirani yetu, Mwalimu Fusae Nishikori, fundi wa vioo aliyekuwa na karakana pale mlimani, juu kidogo ya mfereji wa mji wetu wa Otaru, kaskazini mwa Japani. Anayetaka kuamini na aamini. Mimi napita pale kila nikishuka kununua samaki, na macho ninayo.

Ilikuwa asubuhi ya Agosti, siku ya kwanza ya Obon, siku ambazo wafu hurudi kuwasalimia watu wao. Nyenje walikuwa wanalia kwenye misonobari. Fusae alikuwa anaosha vikombe vya chai huku redio ikitaja barabara zilizojaa magari ya watu wanaorudi makwao, ndipo Mama Odajima alipoingia na tikiti lililofungwa kwenye kitambaa. Huyu mama ndiye aliyemzaa Chigusa, na Chigusa alikuwa mkono wa kulia wa Fusae pale karakana kwa zaidi ya nusu ya umri wake, hadi alipofariki mwezi wa Februari.

"Samahani, Mwalimu, nimekuvamia asubuhi asubuhi."

"Karibu, mama. Karibu ndani. Pole na maandalizi."

"Taa ya kumwongoza Chigusa nimeshaitundika mlangoni. Ndiyo mara yake ya kwanza kuja, nisije nikampoteza njia. Si unamjua mtoto yule? Hata kituo cha treni alikuwa anakipita."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kilipoisha hakuna aliyejua pa kutazama. Mama Odajima akaomba aonyeshwe chombo cha maua, kile cha mwisho Chigusa kukishika.

Fusae akakitoa kabatini na kumwekea mapajani. Kilikuwa chembamba kama ganda la yai, rangi yake ya maziwa yaliyotiwa maji mengi, na shingo yake imepinda kidogo upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Mama akakizungushia viganja.

"Kina joto," akasema.

"Ni jua la dirishani, mama."

"Labda." Akaendelea kukishika. "Mwalimu, Chigusa hakuwa msemaji, lakini midomo yake ilikuwa inasema. Kila jioni anarudi imebabuka. Mafuta ya kupaka nilikuwa namnunulia mimi. Nani alikuwa anapuliza vyombo hivi, mimi najua. Sikuja kugombana, usinielewe vibaya. Jina lako libaki kubwa kama lilivyo. Nilichokuja kuomba, kwa hiki kimoja tu, lake nalo liwepo kwenye kifuniko. Dogo tu. Pembeni."

Kila kazi ya namna hiyo huwekwa kwenye sanduku la mbao nyepesi, na aliyeitengeneza huandika jina lake kwa brashi upande wa ndani wa kifuniko. Chombo kisicho na kifuniko chake, wakusanyaji hawakigusi hata kiwe kimeshuka kutoka mbinguni.

"Nitaliandika," Fusae akasema.

Mama Odajima akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Fusae alitamani ardhi ipasuke. Alijua vizuri kwamba wa kuinama alikuwa yeye.

Maana ukweli ulikuwa hivi. Miaka mingi nyuma Fusae aliugua kifua, akapona, lakini mapafu hayakurudi kama zamani. Hakumwambia mtu. Kuanzia hapo yeye alikaa kwenye benchi akizungusha bomba na kuumba kioo cha moto kwa koleo na gazeti lililoloweshwa maji, na mwisho wa pili wa bomba Chigusa alipiga magoti akipuliza. Hilo si ajabu katika kazi ile, wasaidizi wengi hupuliza. Ajabu ilikuwa kwamba wakusanyaji walivisifu vyombo vyake kwa jambo moja tu. Walisema: ndani yake mna pumzi ya Nishikori. Yeye akanyamaza, akapokea sifa, na Chigusa naye akanyamaza.

Siku ile ya Februari Chigusa alifika na kikohozi, uso umempauka. Bwana Hatakenaka wa Sapporo, mkusanyaji mkubwa, alikuwa anasubiri chombo kwa ajili ya maonyesho yake. Mchana Chigusa akatua bomba na kujishika kifua.

"Mwalimu, naomba nipumzike kidogo. Pumzi haishuki."

"Malizia hiki kwanza. Kioo kikipoa ndiyo basi."

Akamalizia. Alipuliza pumzi moja ndefu, ndefu mno, na kioo kikafunguka taratibu kwa namna ambayo Fusae hakuwahi kuiona maishani. Wakakiweka kwenye tanuri la kupozea. Chigusa akainama kuaga, akaenda nyumbani, akalala, na hakuamka. Moyo, daktari alisema. Chombo kilikuwa bado kiko ndani ya tanuri, kinapoa polepole, wakati yeye anapoa kitandani.

Mama Odajima alipiga simu akimwomba Fusae aje wamloweshe marehemu midomo kwa pamba, maji yale ya mwisho. Fusae akajibu kwamba hawezi kuliacha tanuri. Tanuri lile linajipoza lenyewe kwa umeme, na hakuna fundi wa vioo asiyelijua hilo. Hakwenda kwa sababu aliogopa kuiona ile midomo.

Basi mama alipoondoka siku ile ya Obon, Fusae alirudi kukiweka chombo kabatini. Akakuta ndani yake mna ukungu.

Ulikuwa mdogo, kama mtu aliyepumulia kioo cha dirisha. Akachukua kitambaa, akakizungushia kijiti cha kulia chakula, akaingiza na kufuta. Kitambaa kikatoka kikavu. Ukungu ulikuwa palepale.

Akakaa chini kuutazama. Ukungu ukafifia wenyewe. Ukarudi. Ukafifia tena. Nje nyenje walikuwa wamenyamaza, na Fusae akagundua kwamba kifua chake mwenyewe kilikuwa kinapanda na kushuka pamoja na ukungu ule.

"Chigusa," akanong'ona. "Nimeahidi. Umesikia mwenyewe, nimeahidi."

Kioo kikang'aa, kikawa safi. Mpaka mwisho wa kiangazi hakikufanya kitu. Fusae alianza hata kulala vizuri, akawa anakisalimia asubuhi na kukiaga jioni, na siku mbili tatu alikiwekea kikombe cha chai ya shayiri pembeni, baridi, kama marehemu alivyoipenda. Alijisikia kama amekaribia kusamehewa. Lakini ahadi ni deni, na kuahidi si kulipa.

Oktoba majani yalipogeuka mekundu, Bwana Hatakenaka akaja na sanduku lililotengenezwa kwa vipimo vya chombo. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye soksi za hariri na maneno matamu. Akakipokea chombo kwa mikono miwili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakizungusha polepole.

"Mwalimu," akasema mwisho. "Nimevitafuta vitu vyako tangu nina nywele. Hiki kimevizidi vyote. Mtu anakiona kabisa kinapumua."

Fusae akashtuka, akakitazama kioo. Kilikuwa safi.

"Naomba uniandikie hapahapa, nikiona," bwana akasema na kusukuma kifuniko mbele yake. "Furaha yangu ndiyo hiyo."

Fusae akasugua wino taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Bwana Hatakenaka, kuna mtu alinisaidia kwenye hiki. Alinisaidia sana. Nilifikiri niweke na jina lake. Pembeni."

Bwana akacheka kwa upole. "Yule dada wa magoti? Mungu amrehemu. Lakini Mwalimu, mpishi mkuu ana vijana wangapi jikoni, na mbona mlangoni jina ni moja?" Akashusha sauti. "Tena nikwambie kama rafiki. Ukiweka majina mawili kwenye hiki, watu watauliza vile vingine vyote vilikuwa vya nani. Mimi mwenyewe nitauliza."

Basi kila kitu kikawa mezani. Upande mmoja jina dogo la marehemu, upande wa pili maisha yote ya Mwalimu. Fusae akashika brashi.

Kichwa kikaanza kutafuta pa kujificha. Hivi Chigusa si ameshapewa jina jingine na mtawa, lile la wafu linaloandikwa kaburini? Jina la zamani linamhusu nini tena? Hata wahenga, alijiambia, walikuwa na maana waliposema asiyekuwapo na lake halipo. Na mama mzee vile, atakiona wapi kifuniko kilichofungiwa Sapporo? Ndivyo moyo ulivyo, ukitaka kuiba huanza kwa kujisomea sheria.

Akaandika jina lake. Nishikori Fusae. Halafu akasimamisha brashi juu ya ile nafasi tupu ya pembeni. Wino ukakusanyika kwenye ncha. Akairudisha brashi mahali pake.

Akachukua muhuri. Akagonga.

Chombo kikawa cheupe.

Kilijaa ukungu kuanzia chini mpaka mdomoni, mzito, mweupe kama maziwa. Fusae alitaka kupiga kelele. Sauti haikuja. Bwana Hatakenaka alikuwa anakausha wino kwa kupepea kifuniko, anatabasamu, haoni kitu.

Halafu ukungu ukaanza kuondoka. Ulianzia chini. Ukapanda shingoni. Ukatoka.

Na karibu kabisa na sikio lake, Fusae akasikia mtu anavuta pumzi. Ndefu. Ndefu mno.

Akasubiri aisikie ikitolewa. Haikutolewa.

"Humu kumeingia baridi," bwana akasema huku akifunga utepe wa sanduku. "Uwashe moto, Mwalimu. Utaugua." Akaondoka na furaha yake.

Theluji ilianguka mapema mwaka ule. Sisi wa mtaa ule, asubuhi, hutoka wote na makoleo kufungua njia, na mdomo wa kila mtu unatoa moshi wa pumzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama na Fusae mlangoni tukilalamikia theluji. Nilihisi kuna kitu kimekosekana usoni pake, nikashindwa kujua ni nini. Nilirudi ndani nikiwa na baridi isiyo ya theluji.

Yeye alikuwa anajua tangu siku ile ya muhuri. Kioo cha bafuni hakikushika ukungu wake. Miwani yake haikupata ukungu juu ya bakuli la supu. Alikuwa anapumua, alijisikia akipumua, lakini pumzi haikufika popote. Kazi ya karakana akaisimamisha. Akatuambia ni mgongo.

Februari, siku Chigusa alipotimiza mwaka tangu afariki, Mama Odajima akapanda mlima katika theluji na andazi la maharage kwa ajili ya marehemu. Fusae alimkuta amesimama ndani ya karakana iliyopoa, kando ya dirisha kubwa.

"Nilikwenda Sapporo kwenye maonyesho," mama akasema. "Walikuwa wamekiweka na kifuniko chake, kimeegemezwa pembeni. Nimeliona jina. Mwandiko wako mzuri sana, Mwalimu."

Afadhali angemtukana. Fusae akapiga magoti kwenye sakafu ya baridi.

"Nimekukosea. Nimemkosea mtoto wako akiwa hai, na alipokufa nikamkosea tena. Niliogopa, mama. Niliogopa kuwa si kitu."

Mama akamtazama midomoni muda mrefu. Moshi ulikuwa unatoka kinywani mwa mmoja wao tu.

"Simama," akanong'ona. "Njoo hapa. Pumulia kioo."

Fusae akasogeza mdomo dirishani, akapumulia. Kioo kikabaki kikavu. Akapumulia tena. Hakuna kitu.

Ndipo ukungu ulipojitokeza kando ya uso wake. Juu kidogo, kimo cha mtu aliyemzidi urefu, kama Chigusa alivyomzidi. Duara dogo. Likafifia. Likarudi.

Fusae alikuwa ameganda. Lakini mama hakurudi nyuma hata hatua moja. Alisogea, akavua glavu, akasubiri duara likue, na kwa kidole chake akaandika katikati yake, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuandika: Chigusa.

"Haya," akasema. "Limeandikwa."

Fusae alihamia kwa dada yake kusini, mahali ambapo hakuna theluji na hakuna mtu wa kumtazama mdomo. Bwana Hatakenaka anacho chombo chake. Nasikia analalamika kwamba tangu akiweke kabatini kimekuwa kioo tu, kizuri lakini hakimwambii kitu. Karakana ina kufuli. Umeme umekatwa, tanuri limeuzwa, na mlangoni theluji hufika kiunoni bila alama ya mguu.

Nami nimesema macho ninayo. Asubuhi za baridi kali, ninapopita na kapu langu, madirisha yote ya karakana ile ni makavu, isipokuwa lile kubwa. Hilo huwa na ukungu upande wa ndani. Unakuja, unafifia, unakuja. Na kila ukija, jina linasomeka.