Mgeni Asiyechechemea

Kigae cha sakafu kililia, kikanyamaza, kikalia tena. Tumpale alifumbua macho gizani na kutega sikio. Binti yake Sekela akitembea, kiatu chake cha chuma hugonga na mguu wa pili hufuata: ko, shwaa, ko, shwaa. Alfajiri hii hakukuwa na ko. Kulikuwa na shwaa peke yake, kisha kishindo kidogo cha mtoto aliyeanguka na kujizuia asilie.

Alitoka bila kuvaa kandambili. Sebuleni kulijaa mwanga wa samawati, na katikati ya mwanga huo alitembea mwanamke mrefu mwenye nywele zinazometa kama makaa yaliyopulizwa. Alikuwa Binti Kimondo. Hakuwa mtu, alikuwa taswirahai, yaani mwanga uliofumwa ukapewa umbo, sauti na hata ujoto, ukitoka kwenye kisanduku kinachotoshana na kopo la majani ya chai. Taswirahai aliweza kukaa kwenye kochi, kuuliza hali, na kukumbuka alichojibiwa. Jumba la Taswira, alikofanya kazi Tumpale, lilimtengeneza hapo hapo Mbeya, na kisanduku kimoja kilikuwa nyumbani kwake kwa majaribio.

Nyuma ya mwanamke wa mwanga, Sekela, mwenye miaka sita, alikuwa akijiinua kwa kushika meza. Kiatu cha chuma alikuwa amekivua. Mguu wake wa kushoto ulipinda tangu kuzaliwa na madaktari waliunyoosha kadiri walivyoweza. Sasa alikuwa akiulazimisha ukanyage sawasawa kama wa Binti Kimondo. Goti lilikuwa limechunika.

Tumpale alikizima kisanduku, akakaa chini na kumpakata. Alipomuuliza kwa nini amevua kiatu, mtoto alieleza kwamba Binti Kimondo amepona, kwa hiyo na yeye anatakiwa apone. Mama mtu alifunga kamba za kiatu taratibu kuliko siku zote, maana alihitaji kitu cha kutazama.

Hakuna ambaye hakumjua Binti Kimondo. Bibi zao walimsoma kwenye vijitabu vya katuni vilivyopita mkono kwa mkono hadi majalada yakang'oka. Alikuwa msichana wa Mbozi aliyekuwa akipalilia mahindi siku jiwe lilipoanguka kutoka mbinguni. Jiwe lilimpa nguvu za kuinua lori, na jiwe hilo hilo likamvunja mguu. Tangu kijitabu cha kwanza hadi cha mwisho aliokoa watu akichechemea.

Binti Kimondo mpya hakuchechemea. Ungeuliza nani aliamua hivyo, ungejibiwa: hakuna. Ilikuwa kazi ya Pimamoyo. Huo ulikuwa mtambo uliompeleka taswirahai majumbani kwa mashabiki. Anapiga hodi, anakaribishwa, anazungumza na wenyeji, na kabla ya kuaga anauliza, “Mnanionaje?” Pimamoyo husikiliza kila neno na kumrekebisha kidogo kidogo: leo pua, kesho sauti, wiki nyingine mwendo. Mwishowe karibu kila nyumba ilimsifu.

Leo mchana Tumpale, mhandisi wa mwendo, alitakiwa kuweka kiganja chake kwenye bamba la kufungia umbo. Akishaweka, umbo lile lisingebadilika tena, na lingepelekwa katika kila shule, ya Sekela ikiwemo.

Alikwenda kazini na mtoto. Hakuweza kumwacha na goti lile, wala na mawazo yale.

Mkurugenzi Ambakisye alimsikiliza hadi mwisho alipoeleza kwa nini anasita kuufunga mwendo ule. Ni yeye aliyempokea Tumpale alipotoka masomo ya jioni na cheti chake na mtoto mgongoni, na hadi leo alipenda kumtania kwamba elimu ya usiku huona mazimwi mchana. Safari hii hakutania sana.

“Mwanangu, Pimamoyo imeingia nyumba maelfu,” alisema. “Wewe umeingia ngapi?”

“Chache, mzee. Lakini niambie, mgeni akikaa kwenye kochi lako akauliza kama amependeza, unamjibu nini?”

Mkurugenzi alicheka, kisha akaacha kucheka. Ofisi nzima ilijua kisa cha mama mkwe wake aliyemtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari, naye akaomba kikombe cha pili. Tumpale hakuhitaji kumkumbusha. Aliomba jambo moja tu: mashabiki waliokuja kushuhudia ufungaji wa umbo wapewe nafasi ya kuzungumza mgeni akiwa hayupo.

Basi wakamsindikiza kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Ukumbi mzima ulitoka hadi getini, watu wakamwambia Binti Kimondo karibu tena, asiwatupe. Kisanduku kikafungiwa ndani ya gari la mkurugenzi. Njia ya kurudi ukumbini haikuwa ndefu, lakini walipofika kwenye viti maneno yalikuwa yameshaanza.

Wa kwanza alikuwa Gwakisa, kinyozi, ambaye alimpenda huyu mpya na hakuficha. Alisema siku hizi miguu inatibiwa. Shujaa wa kuinua lori anashindwaje kwenda hospitali? Watu wakacheka. Tumpale aliona kwamba hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Yeye mwenyewe, nani asiyejua, angeuza hata kitanda Sekela apate mguu mzima.

Bibi Tulinagwe, mwanamke mkongwe mwenye sweta la kijani, alisubiri kicheko kiishe.

“Zamani mburuto wake ulisikika kabla hajafika,” alisema. “Adui naye aliusikia. Alipata muda wa kukimbia, na bado alishindwa. Huyu wenu anawavizia watu.”

“Lakini bibi,” Gwakisa akamwambia, “si wewe uliyemwambia amenawiri? Tulikuwa wote kwako.”

“Ulitaka nimwambie nini, baba, na kikombe changu kiko mkononi mwake?”

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Ndipo Mama Atupele, muuza vitumbua, akasema kwa sauti ya mtu anayejitetea kwamba yeye hakuwahi kuulalamikia mguu. Taswirahai wa mwanzo, kabla hajarekebishwa, alipoingia kwake akichechemea, alimpa pole, basi. Ungemwachaje mtu anayeburuta mguu apite mlangoni bila pole? Mwingine akasema hata yeye. Nyuma wakaitikia wengi: hata mimi, hata sisi.

Tumpale alisimama. Aliwaeleza jinsi mtambo ulivyowasikiliza. Kila pole ya mguu waliyoitoa, Pimamoyo iliihesabu kuwa dosari iliyoonwa na mwenye nyumba. Pole zikarundikana, mtambo ukanyoosha mguu. Mashabiki walimpa mgeni heshima yake. Mtambo ukadhani wanamtaka mwingine.

Hata hivyo mkurugenzi, akijifuta paji la uso, alisema hilo linaeleza chanzo tu. Huenda matokeo ni mazuri. Gwakisa hayuko peke yake. Shule zinasubiri. Akaagiza mgeni arudishwe, waangalie kwa macho yao, kisha Tumpale aamue kuhusu kiganja chake.

Binti Kimondo akaingia, mrefu, akimeta. Na watu wale wale, midomo bado ina moto wa mazungumzo, wakainuka wakamkaribisha. Hata Bibi Tulinagwe alimsogezea kiti. Tumpale alisimama kando ya bamba la kufungia, kiganja kikiwa kimekunjwa.

Sekela aliteremka kwenye benchi. Alikwenda akamshika mkono wa mwanga, na wakaanza kukatiza ukumbi pamoja: ko, shwaa, ko, shwaa. Hatua za Binti Kimondo zilikuwa ndefu na za sawasawa. Katikati ya ukumbi vidole viliachana. Taswirahai alifika mbele peke yake, akageuka, akatabasamu.

“Mnanionaje?”

Umependeza, walisema. Umependeza sana, mama.

Sekela alikuwa bado katikati ya ukumbi, akihema. Alimtazama mgeni usoni.

“Umeenda bila kunisubiri.”