Mfarishi wa Frumet

Nilikuwa natoka zizini na ndoo ya maziwa, giza likianza kushika ua, niliposikia mtu anazungumza lugha yetu ndani ya nyumba.

Nikasimama.

Tangu vuli sikuwa nimesikia hata neno moja la Kiyidi. Nani angelisema? Wanazi waliwapeleka Wayahudi wote wa mji wetu kwenye msitu wa misonobari, wakawapiga risasi. Mimi nilitorokea mashambani. Sasa niliitwa Bronka, Mkatoliki, yatima, mtumishi wa Walenty na mkewe Genowefa. Hata usingizini nilijizoeza kunyamaza.

Sauti ikaja tena, nzito, ya kukwaruza... Niliijua. Ilikuwa ya Frumet, mjane aliyeuza manyoya ya bata bukini sokoni.

Frumet aliuawa msituni, pamoja na wengine.

Nikaingia. Genowefa, aliyeshinda na homa, alikuwa amelala chali, mfarishi mnene wa manyoya umevutwa hadi kidevuni. Macho wazi. Midomo ilikuwa yake, sauti haikuwa yake. Chumba kilinuka udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa muda ule ule.

Kwetu humwita dibuki: maiti asiye na pa kupumzika, anayempanda mtu aliye hai. Tulitishiwa naye utotoni. Sikuwahi kuamini.

"Nilikuachia mfarishi na mtoto," sauti ilisema taratibu. "Mfarishi upo. Mtoto yuko wapi?"

Walenty alikuwa amejibanza ukutani, kofia mkononi. Hakuelewa chochote. Vuli ile Wajerumani walikuwa wamemchukua kwenda kujenga reli, akarudi mambo yakiwa yamekwisha. Alininong'oneza kwamba hiyo ni lugha ya Wayahudi, kwamba mkewe alipokuwa msichana aliwahi kumfanyia kazi yule mjane wa manyoya, labda homa ndiyo inayomrudishia maneno. Akasema anakwenda kumwita Sylwester, mkuu wa kijiji. Yeye alifanya biashara na Wayahudi miaka mingi, atatueleza.

Sylwester ndiye aliyekuwa akiwakabidhi watu waliojificha kwa askari, naye akipewa sukari na pombe.

Kabla sijapata la kusema, Walenty alishatoka.

Tukabaki wawili. Au watatu...

Kichwa cha Genowefa kikageuka polepole, kikanielekea.

"Hasia," sauti ikasema. "Hasia wa Mendel, fundi viatu. Wewe unanisikia."

Jina hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale. Nikapiga magoti, nikamnong'onezea kwa lugha yetu, "Shangazi Frumet, nakuomba, nyamaza. Wakikusikia wataniua."

"Waulize. Mimi hawanijibu."

Buti zikagonga kizingiti. Nikainuka haraka.

Sylwester aliingia na mzaha, akimwuliza Genowefa amekuwa Myahudi tangu lini. Kisha sauti ikaanza upya, na kicheko kikamkauka.

"Sylwester, wewe ulishika taa wakati mwanamke huyu anachimba. Mwanangu Perla alikuwa amevaa soksi nyekundu. Mmemweka wapi? Hasia, waulize."

Sylwester akanigeukia. Alinitazama nywele, pua, kisalaba shingoni.

Nikauliza kwa Kipolishi, kwa ule ujinga wa mtumishi, "Anasema nini, bwana?"

"Ndiyo, anasema nini?" Walenty akadakia.

Sylwester alifungua mdomo. Akaufunga. Ndipo nilipoelewa. Ili anitaje mimi, ilimpasa kuyafasiri maneno yote mbele ya Walenty.

"Upuuzi," alisema. "Ni homa tu."

Akaondoka bila kuaga. Mlangoni alinitupia jicho mara moja tu, lakini lilitosha. Angerudi siku Walenty hayupo.

Sauti haikusema tena. Walenty alipotoka kwenda kuchota maji, nilijifunga kitambaa kichwani niondoke. Nikipita kando ya kitanda, Genowefa akanishika mkono. Macho sasa yalikuwa yake.

Sikuwa tena na cha kuficha. Nikamwuliza kwa Kiyidi, "Mtoto yuko wapi?"

Alinijibu kwa Kiyidi, kwa sauti yake mwenyewe.

"Alikuwa analia. Askari walikuwa pale barabarani, naye analia."

Akaushika mfarishi kwa mikono miwili, akauvuta polepole hadi usoni pake, akaukandamiza.

Nilikimbia jioni ile ile. Nilivyopona ni habari nyingine. Vita vilipokwisha nilirudi, nimtafute mtoto yule, nimzike kwa desturi zetu. Sylwester alikuwa amehama, hakuna aliyejua wapi. Walenty nilimkuta ameketi nje, amekongoroka, na hakushangaa kuniona. Alisema Genowefa alikufa majira ya baridi yaliyofuata, akamzika kwenye makaburi ya kanisa. Sauti haikuondoka naye. Kila giza likiingia huanza kule chumbani, juu ya kitanda kitupu. Yeye siku hizi hulala zizini.

Kisha akayatamka maneno yale ya Kiyidi, moja baada ya jingine, kama mtoto aliyekariri sala asiyoielewa.

"Wewe ni wa kwao," alisema. "Niambie. Inataka nini kwangu?"

Nikamwambia yote.

Aliinuka. Halafu akaingia zizini, akatoka na sepetu mbili, moja akanipa mimi. Tulichimba nyuma ya nyumba, tukachimba kando ya uzio, chini ya miti ya matofaa. Hatukupata kitu. Jua likazama.

Bado tulikuwa tunachimba sauti ilipoanza kule ndani.

Walenty hakuinua kichwa.

"Tunamtafuta, mama," alisema. "Tunamtafuta."