Gauni Lenye Nafasi Ndani

Jumamosi ile duka la vitambaa lilijaa watu mpaka kupita ilikuwa ni kusukumana mabega. Kwenye kona ya nyuma, karibu na kabati la vifungo, palikuwa na sanduku la patani, zile bahasha zenye picha ya nguo kwa nje na karatasi za kukatia nguo hiyo kwa ndani. Mikono miwili ilishika bahasha moja kwa wakati mmoja.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa dada aliyevaa blauzi ya samawati yenye mikono iliyojaa mabegani na kola iliyotulia shingoni. Aliishona mwenyewe, kama alivyoshona kila alichovaa nje ya kazi. Mkono wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu mwenye ovaroli na grisi kwenye kucha, na macho yake yalionyesha kwamba yeye na usingizi walikuwa wameachana siku nyingi.

“Hii nimeiona mimi,” dada alisema, bila ukali. Alikuwa amechoka mno hata kugombana. Kazi yake ilikuwa kupokea simu kwenye kampuni ya maji, na wiki nzima alikuwa akitukanwa na watu waliokaukiwa mabomba.

“Na mimi nimeishika.”

“Kaka, hili ni gauni.”

“Kwani nimesema nalivaa mimi? Ni la mama yangu.”

“Haya, mama yako ana mwili gani? Hizi zinakwenda kwa namba.”

“Mama ni mtu wa mwili. Akiingia kwenye lifti nahesabu watu wawili. Mimi ni fundi wa lifti, najua ninachosema.”

Dada alicheka. Hakuwa amecheka tangu Jumatatu.

Fundi hakukusudia kudanganya. Huo ulikuwa utani wa nyumbani kwao wa miaka mingi, na ulimtoka wenyewe. Ukweli ni kwamba mama yake aliugua mwaka uliopita, na mwili wote ule ukayeyuka. Magauni yake yalimpwaya kiunoni. Asubuhi moja aliyasukuma yote pembeni akasema, “Nimechoka kuvaa nguo za yule mama mnene.” Alikuwa na miadi na daktari, miadi ya kupewa majibu makubwa, na alitaka kuingia pale akiwa na nguo ya saizi yake. Kwa mshonaji hakutaka kwenda. “Atanipima halafu atanihurumia,” alisema. “Nishonee wewe. Cherehani yangu ipo. Na usinitangaze kwa watu.” Mwanawe aliahidi. Alichotaka duniani wakati ule ni gauni moja tu limkae mama yake kabla ya siku hiyo.

“Imebaki hii moja,” dada alisema baada ya kupekua sanduku mpaka chini. “Tuchangie. Namba zote zimechorwa kwenye karatasi hiyo hiyo. Nitatoa yangu, ya kumi na sita, halafu nakupa utoe ya mama.”

“Nitajuaje kwamba hutatoroka nayo?”

“Chukua namba yangu ya simu. Ila usipige saa za kazi. Simu naichukia.”

Fundi alipiga siku ya tatu, jioni, dada akiwa kwenye meza ya chakula ananakili mstari wa kumi na sita kwenye karatasi nyepesi.

“Kampuni ya maji, nikusaidie nini?” akajibu kwa mazoea, kisha akafumba macho kwa aibu.

“Nina tatizo,” fundi alisema. “Kuna dada alichukua bahasha yangu, na sasa hainitoki akilini.”

“Bahasha?”

“Tuseme bahasha.”

“Lalamiko lako limepokelewa. Utapigiwa.”

“Lini?”

“Nikimaliza mikono ya gauni.”

Mikono ya gauni ilichukua wiki mbili, ingawa ilikuwa kazi ya saa moja. Walikuwa wanakutana baada ya kazi kwenye benchi lililo nje ya jengo la ofisi alilokuwa akilihudumia fundi, yeye na ovaroli yake, dada na sare ya kazi aliyoichukia. Mara nyingi walikaa kimya wakila karanga, kwa sababu mmoja alikuwa amemaliza maneno kwenye simu na mwingine amemaliza miguu kwenye ngazi. Fundi alimwita Kumi na Sita. Dada alijidai kukasirika.

“Mwanamke haitwi kwa saizi yake.”

“Mimi mtu wa lifti, mpenzi. Napenda kujua nimebeba nini.”

Siku dada alipovaa gauni lake lililokwisha, la kijani kibichi lenye madoa meupe, vifungo mbele na kiuno kilichobanwa kwa adabu, fundi alisimama akasahau kumsalimia. Dada aliona, akafurahi. Miaka mitatu nyuma aliwahi kupendwa na mtu aliyemwambia anasafiri kikazi, kumbe alikuwa anakwenda kuoa. Tangu hapo alijishonea nguo nzuri na kuzivaa kwa ajili yake mwenyewe. Sasa alimkabidhi fundi bahasha, na moyoni alikuwa amemkabidhi zaidi ya hiyo.

Jambo moja hakumwambia, kwa kuwa alidhani kila mtu analijua. Karatasi ya patani haikatwi. Mistari ya namba zote imepandana pale, kumi ndani, ishirini nje. Unanakili namba yako kwenye karatasi nyingine, ya asili inabaki nzima kwa ajili ya mtu mwingine, au kwa ajili yako siku utakayonenepa. Fundi alizoea mabati ya kazini kwake, ambayo mstari ukichorwa unakatwa. Alimpima mama yake, akaandika vipimo, akaangalia jedwali la kifua na kiuno, likamwambia namba kumi. Akashika mkasi, akakata.

Baada ya mwezi dada aliitaka bahasha, alitaka kunakili toleo la blauzi lililokuwa humo. Fundi alimpa harakaharaka, lifti mbili zilikuwa zimekwama siku hiyo. Dada aliifungua nyumbani, na vipande vikadondoka mezani. Vilikuwa vidogo, vimekatwa kwenye mstari wa ndani kabisa. Namba nyingine zote zilikuwa zimekwenda jalalani, pamoja na kumi na sita. Katikati ya vipande kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa fundi, ule ulionyooka: kifua 32, kiuno 25, nyonga 34. Chini yake kulikuwa na vipimo vingine, lakini macho yake yalikwama pale juu.

Alipiga simu yeye, jambo alilokuwa halifanyi.

“Mama yako ana kiuno cha inchi ishirini na tano?”

Fundi alikuwa jikoni kwao, na mama yake alikuwa amesinzia kwenye kiti hatua mbili kutoka pale.

“Nilikwambia ni gauni la mama,” akasema kwa sauti ya chini.

“Ulisema ukimpandisha lifti unahesabu wawili. Huyu ni nusu. Mbona unanong’ona, yupo hapo?”

“Yupo.”

“Haya. Angalau hilo umekiri.”

“Mpenzi, siwezi kukueleza sasa.”

“Huyo wa kwanza naye alikuwa hawezi kunieleza. Alinieleza kwa kadi ya harusi.” Sauti yake haikupanda. “Sikukatazi kuwa na msichana mwembamba. Ila umechukua karatasi yetu, umenikata mimi, umembakiza yeye. Ungeninunulia hata bahasha nyingine ya kunidanganyia.”

Akakata simu. Fundi alibaki ameishika. Angeweza kupiga na kusema maneno matatu tu, mama yangu anaumwa, na yote yangeisha. Lakini alikuwa ameahidi, na kusema wazi jambo lile kulimtia hofu kuliko kumkosa mpenzi. Kwa hiyo alikosa usingizi na mpenzi kwa pamoja, akarudi kwenye kitambaa. Gauni la namba kumi lilikataa kumwingia mama yake. Kiunoni lilitosha, mabegani lilikwama kabisa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya kwenda kwa daktari.

Dada naye alipokea simu za watu, akasema samahani mara mia kwa siku, akarudi nyumbani akakaa bila kuwasha cherehani. Dada yake mkubwa alimwambia avitupe hivyo vipande apumzike. Jumapili aliamua kuvitupa. Alivikusanya, akachukua na ile karatasi ya vipimo, na kwa kuwa binadamu hujitesa, akaisoma tena, safari hii mpaka mwisho. Alitaka kumjua vizuri huyo mwembamba wa fundi.

Mabega 17. Alidhani ameona vibaya. Kiuno cha ishirini na tano na mabega ya kumi na saba, mapana kama yake yeye? Shingo hadi kiuno kwa nyuma, 17, mgongo mrefu. Bega hadi kilele cha kifua, 13. Hapo akakaa chini. Titi la msichana mwembamba halifiki huko. Huko linafika titi lililonyonyesha, lililokuwa zito, kisha likaisha ghafla. Alichukua kalamu akauchora mwili ule kwenye karatasi kwa vipimo vyake, kama anavyofanya kabla ya kushona, na aliyemtokea pale hakuwa msichana. Mtu akikonda, nyama huondoka, bega linabaki palepale. Mbele yake kulikuwa na mwanamke mkubwa ambaye mwili wake ulikuwa umechukuliwa.

Dada aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Alipiga simu.

“Mama anaumwa tangu lini?”

Dada akamsikia fundi analia, taratibu, kama mtu aliyepata mahali pa kutua mzigo.

“Sikukwambia mimi,” alisema. “Shahidi ni wewe. Niliahidi.”

“Hukuniambia. Nimesoma mabega. Nisamehe, mpenzi.”

“Mimi ndiye niliyekata karatasi.”

“Hilo tutaligombania siku nyingine. Gauni limefika wapi?”

“Limekataa.”

“Lazima likatae, umefuata kifua. Patani inafuatwa kwa bega. Usiguse kitu. Nakuja.”

Alifika saa tisa mchana na mfuko wake: mkasi, chaki, pini, futi ya kupimia, na nakala yake ya kumi na sita imekunjwa vizuri. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi, na harufu ya dawa. Mama alikaa dirishani kwenye kiti cha mikono. Gauni la zamani lilikuwa limebanwa mgongoni kwa pini nne.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ndiwe huyo Kumi na Sita?” Sauti ilikuwa bado ya yule mama mnene. “Namsikia huyu akikutaja kwenye simu, nikadhani anaagiza viatu.”

“Ndimi.”

“Nani amekwambia habari zangu?”

“Hakuna. Nimeziona kwenye vipimo vyako.”

Mama alimtazama kwa muda, akimtafuta huruma usoni. Alichokiona ni mtu anayemwangalia bega. Akasimama kwa kujishika dirisha. “Haya, pima. Huyu mwanangu anapima kama ananinunulia kabati.”

Dada alipima polepole, akimpumzisha baada ya kila kipimo. Alipofika mabegani alitabasamu. “Mama, hapa wewe ni kumi na sita. Bega na mgongo, kamili, sawa na mimi. Nitatumia karatasi yangu. Mabega nitayaacha kama yalivyo, ubavuni ndiko nitaingiza ndani mpaka kumi.”

Alitandaza kitambaa kipya mezani, rangi ya zambarau iliyoiva, alichokuwa amejiwekea mwenyewe. Akabandika karatasi kwa pini. Akachora kwa chaki mstari wa kushonea, ule wa namba kumi, akasogeza mkasi kuukaribia kwa upana wa kidole, kama kawaida ya mshono.

“Ngoja,” mama alisema. “Hicho kinachobaki pembeni unakitupa?”

“Ndiyo, mama. Ni ziada.”

“Usikitupe. Kikunje ndani, chote, mpaka kumi na sita.”

“Vizuri, mama,” fundi alidakia. “Utanenepa tu, tutalifumua.”

“Sijaongea na wewe.” Alikuwa anamtazama dada. “Mwanangu, mimi Alhamisi naenda kwa daktari na gauni langu, na nitalivaa mpaka hapo nitakapofika. Sitanenepa, tusidanganyane, nimechoka kudanganywa kwa upole. Baada yangu libaki na mtu ambaye linamtosha. Mabega tayari ni yako.”

Fundi alikuwa ameshika pembe ya kitambaa. “Mama, hata sijamuuliza.”

“Basi muulize. Mwenzio amesimama na mkasi.”

Fundi akamgeukia. Ovaroli ilikuwa na grisi, macho yamevimba, na maneno yote mazuri aliyoyapanga kwenye ngazi za majengo ya watu yalikuwa yamempotea. “Kumi na Sita,” alisema, “utanioa?”

“Anayeoa ni wewe,” dada alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka. “Shika vizuri kitambaa kisiteleze.”

Akahamisha mkasi inchi moja na nusu kwenda nje, mpaka kwenye mstari wake wa kumi na sita, akakata.